Lamu na Siyu: Miji ya Kazi za Kimya



Aingiaye Lamu kwa mara ya kwanza akitokea Mokowe hudhani ni mji wa kelele. Gatini hupokewa na mahamali, mabaharia na wenye punda, kila mmoja akiita kwa sauti yake. Lakini avuke Usita wa Mui, ndiyo njia kuu, kisha apande kidogo kuelekea mtaa wa Mkomani, na sauti zote hizo hukatika kama zilizozimwa kwa mkono. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, na upande wa njiani hazina madirisha makubwa. Mlangoni pana daka, lenye viti vya mawe pande mbili, hapo ndipo mgeni wa kawaida huishia. Baada ya daka pana kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi juu. Baada ya kiwanda ni misana, na nyuma ya misana ni ndani kwenyewe, penye zidaka ukutani na giza la kupoza macho. Wataalamu wameandika mengi juu ya nyumba hizi, na tangu mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sisi jambo lililotugusa ni moja tu: nyumba ya Lamu imejengwa kwa daraja za kimya, na kila daraja ina kazi yake. Kwenye daka hufanyika mazungumzo na biashara. Ndani hufanyika kazi ya vidole.

Tulikuwa na sababu ya kuyatazama hayo. Katika darsa yetu ya kina mama, mama mmoja alituuliza swali ambalo hatukutaka kulijibu kwa haraka. Binti yake ana umri wa miaka 24, amemaliza chuo, na mjomba wake akamtafutia nafasi katika duka la simu. Alikaa miezi miwili. Kila jioni alirudi kichwa kikimuuma, hasemi na mtu, na mwisho akakataa kwenda. Sasa hushinda chumbani akichora maua na nakshi kwenye karatasi, nazo, asema mama yake, ni nzuri kwelikweli. Mjomba asema huo ni uvivu. Bibi asema ni kijicho cha watu. Mama akauliza: je, hakuna kazi ya halali kwa mtoto asiyeweza makutano?

Swali hilo si la nyumba moja. Tunao vijana wengi wa namna hii, wake kwa waume, na aghalabu tumewapa majina mabaya: mzito, mwenye kiburi, asiyechangamka. Tumeishi kana kwamba riziki yote iko sokoni na kwamba asiye na ulimi mwepesi hana fungu lake. Ilhali Pwani hii yetu imelishwa kwa karne nyingi na watu wakimya. Ndipo tukapanda basi, sisi na ahali yetu, tukapita Malindi, Garsen na Witu, tukaenda kuwatazama katika miji ambayo kazi zao bado zipo.

La kwanza ni kofia. Msomaji ameiona, yamkini imo kabatini mwa mumewe: kofia nyeupe ya mkono, yenye nakshi zilizojaa na vitundu vidogo viitwavyo viua. Wachache hujua inavyofanywa. Hukatwa vipande viwili vya kitambaa cheupe, kimoja cha mviringo wa utosini na kimoja mfano wa ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande huwekwa maradufu. Nakshi huchorwa kwa penseli kwanza, na mchoraji anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, asiyeshika sindano. Kisha hufuata sindano, tundu baada ya tundu, mstari baada ya mstari, kwa wiki nyingi, na kofia ya kazi nzito huenda ikachukua miezi. Mwisho vipande huunganishwa, kofia hufuliwa ili penseli itoke, hutiwa wanga, na hapo ndipo huonekana jinsi ilivyo. Wala Lamu si kazi ya wanawake peke yao. Wanaume nao huishona wakiwa wameketi barazani, na hakuna awaonaye wamepungukiwa na uanaume.

Tulikaribishwa katika nyumba ya bibi mmoja aliyeshona tangu usichana wake. Sisi tuliketi msanani pamoja na mkwewe, ahali yetu akaingia ndani, na mazungumzo yakawa ya pazia kati, jambo lililomfaa kila mtu. Tulimuuliza kwa nini alichagua kofia miongoni mwa kazi zote.

"Sheikh," alijibu, "kofia haina haraka. Mtoto akilia, naiweka. Jirani akifiwa, nenda matangani siku tatu. Nikirudi naikuta pale pale, haikuchacha wala haikunyauka."

Akatueleza kwamba zamani alifunga vikuba. Naam, kikuba ni kazi nzuri na yenye harufu ya peponi, asumini na rehani na mkadi, tena ni kazi ya nyumbani. Lakini asumini haina subira. Huchumwa likiwa tumba, hufungwa kabla halijafunguka, na ni lazima liwe limeuzwa usiku ule ule. "Ukilala na asumini," alisema, "umelala na hasara." Kila jioni moyo ulimwenda mbio, akamtuma huyu na kumsihi yule, na siku ya harusi mbili alilia kwa kuchoka. Alipohamia kwenye kofia hakuongeza fedha nyingi, ila alipata usingizi.

Hapo tuliona jambo ambalo vitabu vya biashara havitilii maanani. Watu huuliza kazi hii yalipa kiasi gani. Hawaulizi kama kazi yenyewe hungoja au haingoji. Mahamri hayangoji, yakipoa yamekwisha thamani. Mishono ya sikukuu haingoji, kwani Idi haisogei kwa ajili ya fundi, na kila mwenye cherehani ajua kumi la mwisho la Ramadhani lilivyo. Mkeka hungoja. Khati hungoja. Kofia hungoja. Kwa kijana ambaye akisukumwa huvunjika, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya shilingi, na mzazi afaa kuitazama kabla ya kutoa mtaji.

Tusije tukadhaniwa twapamba. Fedha ya kofia ina mitihani yake, nao ni mizito zaidi kwa mtu mkimya. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kofia imeuzwa kwa shilingi 6,000, kitambaa na uzi vimekula 400, na mshonaji ameketi nayo saa 3 kila siku kwa siku 40. Hizo ni saa 120, na pato lake halifiki shilingi 47 kwa saa. Sasa achukue arbuni mapema kwa sababu ya shida, na mwenye duka, akijua hana pa kwenda, amkatie bei iwe 4,000. Saa moja imekuwa shilingi 30. Mwenye ulimi angepiga kelele. Mkimya huitika, hufunga mlango, na huanza kofia nyingine akiwa tayari na deni. Ndiyo maana twasema kazi ya kimya isiyo na msemaji huwa ni dhuluma iliyotulia.

Bibi wa Mkomani alilitatua jambo hilo mapema. Hajawahi kuingia duka lolote kuuza. Mwenye kuuza ni binti wa kakaye, mwanamke mchangamfu asiyemwogopa mtu, ambaye hupeleka kofia kwa wenye maduka, huzipeleka Mombasa anapokwenda, na hungoja msimu wa Maulidi wageni wanapojaa Lamu. Fungu lake lilikubaliwa tangu siku ya kwanza, na bei ya chini kabisa ya kila kofia huwekwa na bibi mwenyewe kabla haijatoka nyumbani. "Mimi nina vidole," alisema, "yeye ana mdomo. Mungu hakutupa vyote mtu mmoja."

Tulipolisikia hilo tulimkumbuka Mama Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Tumezoea kumtaja kama tajiri wa Makka, tukasahau namna ya biashara yake. Yeye hakufuatana na misafara hadi Sham. Alitoa mali, akawapa watu amana kwa fungu lililojulikana, akabaki nyumbani kwake. Na Bi Zaynab binti Jahsh, naye pia mama wa waumini, alikuwa fundi wa mkono, akitengeneza ngozi na kushona, na kipato chake akikitoa sadaka. Basi asituambie mtu kwamba kuketi na kazi ya mkono ni kujificha na dunia.

Kuna adui mwingine wa kofia, naye ni mashine. Kofia za viwandani zimejaa kila mahali kwa bei ya chini mno, na kwa mbali zafanana na za mkono. Bibi hana ugomvi nazo. Anunuaye kofia ya kuswalia kila siku atanunua ile; ya mkono hununuliwa na bwana harusi, na mzee anayetaka moja ya kumfaa maisha, na mgeni kutoka Oman ambaye kumma yake ya kwao ni ndugu wa kofia yetu na macho yake hayadanganyiki. Ushauri wetu kwa vijana wenye vidole ni kwamba wasijaribu kushindana na mashine kwa bei. Hapo wameshashindwa kabla ya kuanza.

Baada ya siku tatu tulikwenda Siyu. Safari yenyewe hufunza subira, kwa maana vyombo vya kwenda kisiwa cha Pate hupita mkondo wa Mkanda, na Mkanda haupitiki ila maji yakijaa. Hushuka Mtangawanda, kisha hupanda bodaboda au hutembea kwa mwenye miguu. Siyu ya leo ni mji mdogo, minazi na magofu, na ngome yake ya karne ya 19 ikitazama kijito chenye mikoko. Asiyejua angeuita mji uliolala.

Lakini ulikuwa mji wa kalamu. Humu ilinakiliwa misahafu kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, kurasa zenye pambo ambalo wataalamu wa leo hulitambua mara moja kwamba ni la Siyu. Waandishi wale walikuwa na riziki yao katika kimya: karatasi, kalamu ya tete, na saa za mchana zenye mwanga. Na ndiko alikoolewa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Sheikh Mataka mtawala wa Siyu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi. Aliutunga kwa msikilizaji mmoja. Leo husomwa katika vyuo vikuu. Tena pale Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mchonga mbao na mwandishi wa khati, aliyenakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na kazi za mkono wake zimehifadhiwa London hadi sasa. Kijuma, tuseme kweli, hakuwa mnyamavu hata kidogo. Alikuwa mtu wa ngoma na mashindano. Ila mteja wake alikuwa ng'ambo ya bahari, na kazi ilisafiri kwa barua.

Ngozi bado hufanyiwa kazi Siyu. Tuliona makubadhi yakishonwa, na fundi wake alituitikia salamu kwa ukamilifu, kisha akarudi kwenye kisu chake bila neno la pili. Tulimpenda kwa hilo.

Lililotukalisha zaidi lilikuwa ukili. Kivulini mwa nyumba moja waliketi wanawake wanne wakisuka, na ahali yetu akaketi nao. Miyaa ya mkindu ilikwisha kuanikwa, mingine imechemshwa kwenye rangi, nyekundu na zambarau na kijani. Kila mmoja alikuwa na ukili wake unaorefuka ukijikunja miguuni kama nyoka mpole. Ukili ukitosha hushonwa kuwa mkeka, au msala, au kawa la kufunikia chakula. Asiyejua kushona huwapa wajuao; asuke tu. Ahali yetu alituhadithia baadaye kwamba robo saa nzima ilipita na hakuna aliyesema kitu, na hakuna aliyeona vibaya. Kisha mmoja akauliza habari za mtoto wa mwenziwe, akajibiwa kwa maneno matatu, wakarudi kimya.

Twaomba kina mama wakitafakari kivuli kile. Mtoto mkimya si lazima awe mpweke, na pengine tunakosea dawa tunapomlazimisha kuzungumza. Kazi ya mkono humpa njia ya kuketi na watu bila kuwa na deni la maneno. Hata hivyo tutie neno moja la tahadhari: kimya cha tabia si sawa na kimya cha ugonjwa. Kijana aliyeacha chakula, aliyeacha usingizi, asiyefurahia hata kile alichokipenda, huyo apelekwe kwa daktari, wala asipewe sindano na uzi tukadhani tumemtibu.

Tuliporudi Lamu tulikutana na kijana wa kiume anayeandika khati na kuchora nakshi za milango ya kale kwenye karatasi nzito. Huuza kwa picha za simu, na ameshapeleka kazi hadi kwa watu wasiomjua sura. Sisi tulidhani simu ndiyo imekuwa msemaji wake. Alitabasamu. Akasema mwanzo simu ilimwingiza sokoni akiwa kitandani: saa 5 usiku mtu auliza bei, alfajiri mwingine auliza mbona hajajibu, na wa tatu ataka apunguziwe. Kazi ilimshinda si kwa kalamu bali kwa majibu. Sasa simu ya kazi yashikwa na dada yake, hufunguliwa baada ya Alasiri na hufungwa Magharibi, na maelezo ya bei yamewekwa wazi ili asiulizwe. Waliokimbia kwa hilo wapo. Waliobaki ndio wanunuzi. Kazi yake nyingine bado haijamtosha, kwa hiyo asubuhi hufundisha watoto wachache hati ya Kiarabu, wanne kwa wakati mmoja, wala hataki wa tano. Twaona ni busara: mwenye kuanza asikate mkono mmoja kabla wa pili haujapata nguvu.

Mama yule tulimjibu tuliporejea Mombasa, naye ameturuhusu tuliandike. Tulimwambia binti yake si mvivu. Mtu mvivu hachori kwa saa 6. Tukamwambia achague kati ya kuchorea washona kofia na wapaka hina, ambao siku zote wanatafuta nakshi mpya, na khati kwa ajili ya kuta za nyumba na kadi za harusi, ila katika kadi aangalie siku, kwa kuwa harusi nayo haingoji. Bei iandikwe. Arbuni isizidi gharama ya vifaa. Na tukaomba tumwone mjomba. Alikuja, mtu mwema, mwenye maneno mengi na marafiki kila mtaa, tukamwambia kwamba yeye ndiye anayetafutwa. Aliguna kwanza, kisha akauliza fungu la muuzaji ni kiasi gani. Siku ya pili alichukua michoro mitano. Hatujui bado itafika wapi, ila ndani ya nyumba ile neno uvivu halijatajwa tena.

Na kwa upande wetu, kabla hatujaondoka Mkomani tuliagiza kofia. Bibi alipima kichwa chetu kwa uzi uliopitishwa kwa mkwewe, akataja bei, hatukuomba punguzo. Tulitoa fedha ya kitambaa na uzi, na iliyobaki tukaambiwa tukae nayo. Sharti lilikuwa moja: tusipige simu kuulizia. Itakapokwisha, binti wa kakaye atatupa habari. Huu ni mwezi wa nne, na simu haijalia.